Umekuja na Nani?

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu nilikuwa jikoni, maharage yakaungua, kwa hiyo nakudai. Unasema tangu baba yenu afariki hulali. Uko Ulaya mwaka wa sita sasa. Mwenzako wa kazini amerudi kutoka Peru uso unang'aa kama bibi harusi, anasema amezaliwa upya, na wewe umeshatanguliza nusu ya dola 2,400 ili ukakae siku nane kwenye mafungo ya uponyaji karibu na Cusco, huko milima ya Andes, unyweshwe dawa ya mti. Unaniuliza kama ni dhambi. Kisha chini kabisa, kama mtu anayenong'ona, unaniuliza kama ni hatari.

La dhambi kamuulize anayekuongoza kwenye dini yako, mimi sina kilemba. La hatari nitakujibu, tena kwa urefu, kwa sababu kikombe hicho nimekinywa.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mnacheka, ati msomi mzima anapanda ndege kwenda kwa mganga, nyamazeni kidogo. Mwaka 2011 Tanzania nzima ilikuwa inaelekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha mganga tuliyemwita Babu. Shilingi 500 tu, dawa ya mti wa mugariga, na foleni ya magari ikawa inahesabiwa kwa kilomita. Walikwenda viongozi, walikwenda walimu, wakaja na majirani kutoka Kenya. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi kwa kuwa wamekwisha kunywa. Mfa maji haachi kutapatapa. Aliyefiwa au aliyechoka kuumwa akishika kinachoelea hatumcheki, tunamuuliza tu kama kinachoelea ni gogo au mamba.

Mimi nilikwenda mwaka 2016. Mama alikuwa amefariki Tanga miaka miwili kabla, nami niko Uingereza nasubiri karatasi za ukaazi. Mnaoishi huko mnajua: ukitoka kabla hujapewa, umetoka. Sikumzika mama yangu. Maziko niliyasikiliza kwa simu iliyowekwa juu ya stuli barazani, nikawasikia kuku zaidi kuliko nilivyomsikia shehe. Karatasi zilipotoka ungedhani ningekata tiketi ya Dar es Salaam siku hiyohiyo. Nilikata ya Lima. Nyumbani niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa kukiona kiti chake hakina mtu. Ikawa rahisi kupanda mlima wa watu nisiowajua kuliko kuingia kwenye ua wetu.

Sasa uijue hiyo dawa, maana watakaokuuzia watakueleza nusu. Dawa ya milimani wenyewe wanaiita wachuma. Baada ya Wahispania kuja ikapewa jina la San Pedro, na watu husema ni kwa sababu Mtakatifu Petro ndiye mwenye funguo za mbinguni. Ni mmea wa jamii ya dungusi kakati, nguzo ndefu ya kijani yenye mbavu, na ukiikata kwa upana kama unavyokata bamia inakupa nyota. Huchemshwa kutwa nzima. Ladha yake, fikiria mlenda uliotiwa shubiri. Ndani yake mna meskalini, na haikupigi mara moja: saa ya kwanza unakaa unajiona umetapeliwa, ya pili inaingia, halafu inakaa nawe saa 10 na zaidi. Ukishaimeza huwezi kusema basi nimetosheka. Wengi hutapika, na wao hawaoni aibu, wanasema ndiyo kusafishwa kwenyewe.

Wala si uzushi wa juzi, usije ukawadharau wenye nayo. Chavín de Huántar, hekalu la kale la mawe kaskazini mwa Lima, kuna jiwe lililochongwa kiumbe mwenye nywele za nyoka, mkononi ameshika mmea huohuo kama ashikavyo fimbo mzee wa ukoo. Jiwe hilo lina zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 2022 serikali ya Peru iliyatangaza maarifa ya mmea huo kuwa urithi wa taifa. Kaskazini zaidi, Huancabamba, kuna maziwa ya mlimani yaitwayo Huaringas, na waganga wa huko hutandika kitu wanachokiita mesa. Ndiyo, neno lilelile Mreno alilotuachia sisi tukasema meza. Juu yake panga, fimbo, makome, sanamu za watakatifu, chupa za marashi. Kazi inakwenda usiku kucha, na kukicha mgonjwa anatumbukizwa kwenye maji ya ziwa yenye baridi ya kukata meno. Yupo pia mganga wa kukupitishia simbilisi mwilini, kuanzia utosi hadi unyayo, kisha ampasue asome matumbo yake ajue unaumwa wapi. Wewe uliyeona kuku akizungushwa kichwani mwa mtu, hilo lisikushangaze.

Lakini hayo sikuyaona mimi. Mimi niliuziwa ya Pisac.

Pisac ni mji mdogo kwenye bonde la mto Urubamba, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Cusco. Watalii wanaliita Bonde Takatifu, na ukipita vichochoro vyake utaona ukutani matangazo ya Kiingereza yanayokuahidi kufunguliwa moyo, kuoshwa nyota, kuachishwa pombe na kukutanishwa na mababu, vyote kabla ya Jumapili. Siku moja kabla ya kunywa, tulipelekwa sokoni. Kulikuwa na bibi mmoja anauza majani ya koka na mizizi mikavu, kofia yake kubwa, mashavu yamebabuka kwa jua na baridi. Nikamwambia kijana aliyekuwa akitutafsiria amweleze kwamba nimetoka Afrika kuja kunywa wachuma. Bibi akanitazama, akauliza neno moja tu: "Umekuja na nani?"

Nikasema peke yangu.

"Na huko ulikotoka anakusubiri nani?"

Sikuwa na jibu. Alifyonza, mdogo wangu, kama wanavyofyonza mama zetu. Akachota majani ya koka akanitia kiganjani, akakataa hela yangu, akamwambia yule kijana jambo kwa Kikechua, na kijana akaona haya kunitafsiria.

Lile swali nililielewa kesho yake.

Tulikuwa watu 12 bustanini, kila mmoja na mkeka wake na ndoo yake. Aliyetuongoza hakuwa mzee wa mlimani, alikuwa kijana wa Kizungu mwenye shanga nyingi, amejifunza miezi mitano. Yupo kweli mzee mwenyeji aliyekuja asubuhi kutufanyia sadaka ya Pachamama, mama ardhi: akatandaza karatasi nyeupe, akapanga majani ya koka matatu matatu, mafuta ya lama, peremende, mbegu, akafunga kama zawadi ikachomwa. Akapokea bahasha yake akaondoka na pikipiki. Na ile fomu niliyojaza kabla ya kunywa, nakuapia, iliniuliza kama nakula nyama. Haikuniuliza presha.

Sitakudanganya kwamba nilichokiona kilikuwa upuuzi. Nilimwona mama. Sikumwona uso, niliona mikono yake inachambua mchicha, pete imekaza kidoleni kama zamani, mashina anayatupa upande uleule wa kushoto. Nililia kilio ambacho sikuwa nimekilia miaka miwili, na nilipokuwa nalia nilishukuru. Kwa hiyo mwenzako wa kazini hasemi uongo. Kile kikombe kinafungua.

Ila kwenye mkeka wa jirani yangu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, mgeni kama mimi, anatumia vidonge vya presha na hakuna aliyejua. Jua lilipokuwa kichwani akaanza kutetemeka, anasema moyo unamtoka. Yule kijana akampulizia marashi akamwimbia. Gari limekwenda dukani. Mimi niliyezoea kuuguza wazee nikamshika kiganja nihesabu mapigo, na nambari zinanikimbia: nafika 30, narudi 12, nacheka, naogopa, naanza tena. Zaidi ya saa nzima hivyo. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini hadi leo nikisikia mtu anasema "dawa ya asili haina madhara" huwa nasikia ule mkono ukipigapiga ndani ya wangu.

Hapa sasa nataka unisikilize kwa masikio yote mawili. Meskalini hupandisha presha na kuendesha moyo mbio. Kama una moyo, presha, au mimba, usiisogelee. Kama wewe, au mtu wa tumbo moja na wewe, amewahi kuchanganyikiwa akili, kusikia sauti, kulazwa wodi ya wagonjwa wa akili, usiisogelee pia, na hilo la ukoo ndilo tunalopenda kulificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Najua kwenye familia zetu tunasema "alirogwa" tukafunga mlango. Ufungue mlango huo kabla hujapanda ndege.

Halafu kuna lingine. Kwenye karatasi uliyoniambatishia wameandika wachuma siku ya tatu na ayahuaska siku ya tano, ati zote mbili "dawa za kale za Wainka". Hapo nikaona chumvi imezidi. Ayahuaska si ya mlimani. Ni ya msituni chini, Amazoni, kwa watu kama Washipibo wa pande za Pucallpa. Hutengenezwa kwa mmea utambaao kama kamba nene, ukachemshwa pamoja na majani ya chakruna. Peru iliutangaza utumiaji wake wa jadi kuwa urithi wa taifa mwaka 2008, na wenyewe wana masharti yake ya chakula na nyimbo zake. Inafika Cusco kwa chupa, kama soda. Na ile kamba ndiyo yenye mtego kwako: inauzuia mwili usivunjevunje baadhi ya vitu, sasa ikikutana tumboni na vidonge vya sonona, au hata tramadol ya maumivu, mtu anaweza kupata joto kali, mkakamao, na kufa. Umeniandikia kwamba daktari alikuanzishia vidonge mwezi wa tatu. Umeliandika kati ya habari za hali ya hewa na habari za paka, ukidhani sitaliona. Nimeliona. Usije ukaviacha ghafla kwa sababu mtu wa mafungo amekwambia "jisafishe wiki mbili". Vipo vidonge vinavyokaa mwilini wiki tano baada ya kuacha, na kuviacha kwa pupa ni ugonjwa mwingine. Huyo daktari aliyekupa ndiye wa kumuuliza, na umwambie ukweli wa safari yako, hata kama unaona aibu.

Wakikuletea na sumu ya chura, ile wanayokuchoma ngozi matundu madogo wakakupaka, wanaita kambo, kataa. Wakikuambia kikombe kimeongezwa toe kidogo kiwe na nguvu, kataa na uondoke. Toe ni ndugu wa mnanaha wetu, na mnanaha bibi zetu walitukataza hata kuuchezea kibarazani.

Na wewe ni msichana, acha nikwambie bila kupepesa. Serikali ya Uingereza, katika ushauri wake kwa wasafiri wa Peru, imeonya kuhusu watu kufa, kuibiwa na kubakwa kwenye shughuli hizi. Mtu aliyelewa kwa saa 10 hana sauti. Hakuna dawa inayotaka uvue nguo. Hakuna roho mlimani inayotaka mganga alale karibu yako. Ukisikia lugha hiyo, hata kama wengine wote wanatabasamu, amka utoke ukiwa na viatu au bila viatu.

Sisemi ubaya wote unatoka kwa wenyeji, la. Aprili 2018 mganga mzee wa Washipibo, Olivia Arévalo, aliuawa kwa risasi kijijini kwake mkoani Ucayali. Aliyetuhumiwa alikuwa mgeni kutoka Canada, na wanakijiji wakamuua. Bibi wa watu aliyekuwa anajua nyimbo ambazo hazimo kitabuni amekwenda hivyo. Sisi wageni tukifika huko na huzuni zetu mkononi, hatujui tunaziangushia mguu wa nani.

Rudi sasa kwenye swali la yule bibi: umekuja na nani?

Milimani kule wana neno, ayni. Leo nakulimia viazi, kesho unanilimia. Leo nakufinyangia tofali, kesho unaniezekea. Hata mlima wanaulisha, ndipo uwalishe. Kikombe kile kinakaa ndani ya hilo. Mgonjwa wa Andes anamjua mganga, au anamjua anayemjua, na kesho yake akiamka kichwa kizito yuko shemeji wa kumchemshia supu. Si kama kwetu pwani tu? Umewahi kuona mtu wa pepo anapelekwa kilingeni peke yake? Wanakwenda ukoo mzima, huyu kabeba udi, yule kabeba mbuzi, shangazi anajifanya haamini lakini ndiye anayepiga vigelegele. Ngoma ikiisha mgonjwa anarudi nao, na wao ndio wanaojua alisema nini pepo lilipompanda. Mimi na wewe tunauziwa kikombe, mdogo wangu, hao watu hatuuziwi. Hawauziki.

Siku iliyofuata saa tatu asubuhi basi dogo likaja kutubeba. Tukakumbatiana, tukapeana namba za simu ambazo hakuna aliyepiga. Nikadaiwa hela ya kufua shuka. Wiki ya tatu, nimerudi Uingereza, niko foleni dukani na fungu la mchicha mkononi, nikaanza kulia mbele ya mtoto wa kaunta na sikuweza kunyamaza. Jipu limetumbuliwa na mwenye pamba hayupo. Nikalala na taa siku 40, nakaribia kupoteza kazi.

Nilipata nafuu niliporudi Tanga, tena si kwa dawa yoyote. Mama mdogo alinikalisha juu ya kitanda cha mama akanieleza kuanzia Jumanne ile mama alipokataa uji. Nani alimshika mkono. Nani alimwosha, na kwamba nywele zake zilikuwa bado nyeusi nyuma ya masikio. Kwamba aliuliza "yule wa Uingereza amekula?" Alinieleza siku mbili mfululizo, tunakunywa chai, tunalia, tunapiga mbu. Kilekile nilichokifuata ng'ambo ya bahari mbili kilikuwa kimewekwa akiba kifuani mwa mama mdogo.

Najua sasa unasema, "Dada, lakini nimeshalipa." Hela iliyokwenda kwa kosa usiikimbize na mwili wako. Waandikie wakurudishie, na wakikataa chukulia umenunua somo ghali. Na kama utakwenda hata hivyo, maana nakujua, asiyesikia la mkuu ni wewe na mimi tulipokuwa na umri wako, basi uende vizuri. Nenda na mtu ambaye yeye hatakunywa. Waulize kabla nani ana gari siku hiyo, hospitali iko wapi, na mganga huyo anamjua nani pale kijijini. Wakikujibu kwa mashairi, umeshajibiwa. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kati ya vibanda vya Mandara na Horombo kwa mliopanda Kilimanjaro, kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza lala tu, kichwa kitauma na pumzi itakukatika ngazi ya nne. Watakupa chai ya koka, huko ni halali na inasaidia. Usibebe hata pakiti moja kwenye begi, ndiyo majani yaleyale yanayotoa kokeini, na ukipimwa mkojo kazini baada ya kuinywa watakuona mtumiaji. Wachuma na ayahuaska usifikirie kabisa kuzileta, meskalini imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa tangu 1971, na kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina masihara na mtu anayesema "ni ya ibada".

Ila kabla ya yote hayo nataka ufanye jambo dogo. Mpigie kaka yako aliyekuwa na baba wodini. Mwambie akusimulie kuanzia mwanzo, asikurukishe, hata kama simu itakula salio. Mwache alie naye, huenda hajapata wa kumuuliza.

Na Jumapili nipigie mimi. Kuanzia saa nane mchana huwa nimemaliza vyombo. Safari hii uniambie jina la baba yako, barua nzima ya kurasa nne hukuliandika hata mara moja.